Jinsi ya Kumtambua na Kumtazama Hondohondo Mwenye Mashavu ya Fedha: Mwongozo Kamili

Anayeingia msituni mara ya kwanza kutafuta ndege hutoka na shingo inayouma na daftari tupu. Vilele vya miti viko mita thelathini juu, mwanga wa chini ni hafifu, na ndege wengi wa huko ni wadogo, wa kijani, wasiotulia kwenye tawi moja. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kuchagua ndege mmoja, kumjifunza mpaka umjue kwa sauti, kwa umbo na kwa tabia, ndipo uongeze wa pili. Kwa misitu ya milima ya Afrika Mashariki sioni wa kuanza naye anayemzidi hondohondo mwenye mashavu ya fedha, yule ambaye wanasayansi humwita *Bycanistes brevis*.

Ni ndege mkubwa, mwenye urefu wa sentimita 75 hadi 80 na uzito unaozidi kilo moja. Ana kelele. Hurudi kwenye mti uleule siku baada ya siku maadamu una matunda. Hata hivyo watu wengi humwona wakampa jina lisilo lake, kwa sababu msitu huohuo una hondohondo wengine weusi na weupe. Kwa hiyo kazi ni mbili: kumtenga na jamaa zake bila shaka yoyote, na kumtazama muda mrefu bila kumfukuza. Zote mbili zinaanzia mahali pamoja, nako ni kutafuta mti kabla ya kutafuta ndege.

Pa kwenda

Makazi yake ni misitu ya milimani na ile ya karibu na pwani, kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya na Tanzania, hadi Msumbiji na mashariki mwa Zimbabwe. Nchini Tanzania, kama una nafasi ya kuchagua pamoja tu, nenda Amani, katika Usambara Mashariki, Wilaya ya Muheza. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilianzishwa mwaka 1997, ina hekta 8,380, na iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Uzuri wake kwa mtazamaji ni kwamba msitu umepakana na mashamba ya chai na barabara za mlimani, kwa hiyo unapata kingo nyingi zilizo wazi ambako ndege huonekana anapovuka.

Arusha nako ni kuzuri, katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, upande wa msitu wa Ngurdoto. Hifadhi ya Ziwa Manyara ina msitu usiotegemea mvua pekee: unanyweshwa na chemchemi zinazotoka chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, na hondohondo huyu anapatikana humo. Huko utatazama ukiwa ndani ya gari, jambo ambalo si baya, kwani ndege hawaogopi gari lililozimwa kama wanavyomwogopa mtu anayetembea. Kenya, jaribu Shimba Hills.

Ukiwa msitu wa Kakamega magharibi mwa Kenya, au nchini Uganda, au msitu wa Minziro kaskazini-magharibi mwa Tanzania, fahamu kwamba mkubwa utakayemwona huko ni mwingine. Nitamweleza mbele.

Kabla ya kuingia lipia kibali langoni na uchukue mwongozaji wa eneo hilo. Sisemi hivi kwa sababu ya kanuni tu. Mwongozaji aliyezaliwa kijiji cha jirani anajua mkuyu upi umeanza kuiva wiki hii, na taarifa hiyo haipatikani kwenye kitabu chochote.

Hatua ya kwanza: vifaa, na mazoezi ya kuvitumia

Darubini ya mkononi inatosha. Tafuta iliyoandikwa 8x42. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ukigawa 42 kwa 8 unapata zaidi kidogo ya 5, na hicho ndicho kipenyo cha mwanga unaofika jichoni. Msituni, chini ya majani mazito na asubuhi yenye ukungu, mwanga huo una thamani kuliko ukuzaji. Ndiyo maana sishauri 10x25 au nyingine ndogo ya mfukoni: inakuza zaidi, lakini picha yake ni ya giza na inatikisika mkononi. Kama uliyonayo ni 8x32, itumie bila wasiwasi.

Fanya mazoezi nyumbani kabla ya safari. Chagua jani moja juu ya mti, likazie macho, kisha inua darubini hadi machoni bila kuangalia chini wala kusogeza kichwa. Rudia mpaka jani liwe katikati ya picha kila mara. Wengi hukosa ndege kwa sababu hutazama darubini kwanza, halafu wanaanza kumtafuta ndege upya. Kisha fanya zoezi hilohilo kwa kunguru au mwewe anayepita hewani, kwa sababu alama muhimu kuliko zote za hondohondo huyu huonekana akiwa anaruka.

Daftari dogo na penseli. Penseli, kwa sababu wino wa kalamu husambaa karatasi ikipata unyevu. Nguo za rangi ya majani makavu au kijani kibichi, suruali ndefu iliyoingizwa ndani ya soksi, na koti la mvua lisilopiga kelele ukisogea. Kabla ya kukaa chini angalia siafu, na usishike mimea ya kutambaa ukingoni mwa msitu kabla ya kuitambua: upupu mmoja unaweza kukumalizia asubuhi nzima.

Hatua ya pili: tafuta mti

Hondohondo huyu huishi hasa kwa matunda, na chakula chake kikuu ni matunda ya miti ya jamii ya mkuyu. Miti hii ina tabia inayomsaidia ndege na mtazamaji pia: haizai yote kwa msimu mmoja. Kila mti hufuata ratiba yake, kwa hiyo katika mwezi wowote kuna mkuyu mmoja mahali fulani msituni ambao umeiva. Hapo ndipo walipo. Ukizunguka msitu mzima bila kuupata mti huo, utakachokipata ni mlio wa mabawa unaopita juu ya kichwa na kupotelea bondeni.

Utaujuaje? Angalia chini kwanza. Makuyu yaliyoanguka, mengine yamepasuliwa, mengine yana alama za meno ya kima, ni dalili kwamba karamu iko juu. Sikiliza fujo: kima, mbega, ninga na shorobo wote hukusanyika penye mkuyu ulioiva, na mti wenye kelele za wanyama wa aina tatu nne ni mti wa kukaa. Nusa pia. Makuyu yaliyoiva na kuanza kuchacha yana harufu tamu nzito inayofika kabla hujauona mti.

Uliza watu. Ukimkuta mzee anayechuma kuni zilizoanguka au anayepita njia ya msituni, mpe shikamoo, umsalimie vizuri, kisha muulize hondohondo wanalala wapi na wanakula wapi siku hizi. Swali la namna hiyo hujibiwa kwa usahihi wa ajabu, kwa sababu huyu si ndege wa kujificha. Kijiji kizima humsikia kila alfajiri.

Amani kuna mti mwingine wa kuangalia. *Maesopsis eminii* ni mti wa matunda ulioletwa eneo hilo enzi za ukoloni, ukakua haraka na kuingia ndani ya msitu wa asili. Hondohondo wanayapenda matunda yake, na wao ni miongoni mwa wale waliousambaza, kwa kumeza matunda na kuangusha mbegu mbali na mti mama. Ukiona mbegu zake zimelundikana chini ya mti mwingine kabisa, umepata mahali ambapo ndege hukaa kupumzika baada ya kula. Paweke alama kwenye daftari, ni pazuri pa kurudi saa tano asubuhi.

Hatua ya tatu: kaa mahali sahihi

Hili ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Ukisimama chini ya mkuyu na kutazama juu, utaona kivuli cheusi kwenye anga jeupe, na ndege yeyote akiwa kati yako na anga huonekana mweusi. Tumbo jeupe litaonekana la kijivu, mdomo utakuwa hauna rangi, na shingo itachoka ndani ya dakika kumi.

Tumia mteremko. Misitu mingi ya ndege huyu iko milimani, na barabara na njia hukata kando ya mlima. Tafuta sehemu ya njia iliyo juu zaidi ya mti, ili kilele cha mkuyu kiwe usawa wa macho yako au chini kidogo. Kaa mita arobaini hadi sitini kutoka mti, jua likiwa nyuma yako. Asubuhi hii ina maana ya kukaa upande wa mashariki wa mti. Kutoka hapo utaona mgongo wa ndege anapotua, na mgongo una habari ambazo tumbo halina.

Fika kabla ya mapambazuko kama unaweza. Shughuli huanza mara kunapopambazuka na huendelea vizuri mpaka saa nne asubuhi. Mchana hutulia kivulini. Kuanzia saa kumi jioni huanza kusafiri tena, wakienda mahali pa kulala, ambako makumi yao, wakati mwingine zaidi ya mia, hukusanyika kwenye miti michache. Jioni hiyo haina ukaribu wa mkuyu, lakini kwa kujifunza umbo la ndege akiwa angani haina mfano: wanapita wawili wawili, watatu watatu, kwa njia ileile, na kila kundi ni nafasi mpya ya kukagua mabawa.

Ukishakaa, kaa. Dakika ishirini za kwanza msitu utakuwa kimya kwa sababu yako. Usihame kwa kudhani hakuna kitu.

Hatua ya nne: masikio kabla ya macho

Mara nyingi mabawa ndiyo yatakayokuarifu. Ndege wa jamii ya hondohondo hawana manyoya madogo ya kufunika mashina ya manyoya makubwa upande wa chini wa bawa, kwa hiyo kila pigo la bawa hupitisha hewa kati ya mashina hayo na kutoa mvumo mzito wa kukatakata. Kwa ndege mkubwa kama huyu unasikika toka mbali, hata juu ya ukungu ambako huoni chochote. Ukiusikia, inua darubini kuelekea kwenye uwazi wa karibu ulio mbele ya sauti, si pale sauti ilipo. Atakuwa ameshapita.

Sauti ya koo yake ni mkoromo mkubwa, wa kukwaruza, usio na muziki, anaoutoa akiwa ametua au anaporuka, na wenzake huujibu. Ukishausikia mara kadhaa huwezi kuuchanganya na wa hondohondo tarumbeta, *Bycanistes bucinator*, ambaye hulia kama mtoto mchanga aliyeachwa peke yake, kilio kirefu kinachopanda na kushuka. Wa tatu, hondohondo mwenye ushungi, *Lophoceros alboterminatus*, hupiga miluzi myembamba ya kufuatana. Mkoromo, kilio, mluzi: jifunze tofauti hizo tatu kwa kusikiliza rekodi nyumbani, na nusu ya kazi imekwisha kabla hujavaa viatu.

Rekodi hizo zibaki nyumbani. Kumpigia ndege sauti ya mwenzake msituni ili asogee kunamfanya aache kula au aache kiota kwenda kumtafuta mpinzani asiyekuwepo. Kwa ndege anayekuja mwenyewe kwenye mkuyu, hakuna sababu yoyote ya kufanya hivyo.

Hatua ya tano: kumtambua, kwa mpangilio huu

Kosa la kawaida ni kuanza na mdomo. Mdomo unavutia, una pembe kubwa juu yake, na jicho hukimbilia huko. Lakini pembe hiyo hubadilika kwa umri na kwa jinsia, na tarumbeta naye anayo. Anza na bawa.

*Bawa.* Ndege anapofunua mabawa, tazama ukingo wa nyuma, ule unaofuata mwili anaporuka. Mwenye mashavu ya fedha ana ukingo mweusi. Tarumbeta ana mstari mpana mweupe katika ukingo huo, unaoonekana wazi kutoka juu na kutoka chini. Alama hii inafanya kazi kwa mbali, kwenye mwanga mbaya, kwa dume, kwa jike na kwa kinda. Ukiweza kuona jambo moja tu, liwe hilo. Na wa magharibi niliyemtaja, *Bycanistes subcylindricus* wa Kakamega, Uganda na Minziro, ana weupe mwingi zaidi bado: sehemu kubwa ya nusu ya nyuma ya bawa lake ni nyeupe kabisa.

*Mgongo na tumbo.* Mwenye mashavu ya fedha ana weupe kuanzia sehemu ya chini ya mgongo hadi kiunoni, na ndiyo sababu nimesisitiza ukae juu ya mteremko. Akiruka kuondoka, weupe huo unawaka. Upande wa mbele ni mweusi kifuani na sehemu kubwa ya tumbo, weupe ukianzia chini, mapajani na chini ya mkia. Tarumbeta ni kinyume: tumbo lote ni jeupe, na mpaka kati ya kifua cheusi na tumbo jeupe umekatwa wazi. Ndege aliyetua akikutazama, kama sehemu kubwa ya mbele yake ni nyeusi, umeshafika karibu na jibu.

*Mkia haukusaidii.* Ncha nyeupe za mkia wanazo wote watatu wa misitu hii. Nimewasikia watu wakizitumia kama ushahidi, na haziwezi kuthibitisha chochote.

*Mdomo na uso.* Sasa ndiyo utazame. Dume mzima ana pembe kubwa yenye rangi ya krimu, inayokaa juu ya mdomo wenye rangi nyeusi zaidi na kufika karibu na ncha, mara nyingine kuipita. Jike ana pembe fupi, ya chini, isiyong'aa. Kinda hana pembe ya kueleweka. Mashavuni manyoya yana ncha za fedha, na utaziona ukiwa karibu na jua likiwa upande wako. Usizitegemee kwenye ukungu. Tarumbeta ana mdomo na pembe za kijivu cheusi, na ngozi tupu inayozunguka jicho ina rangi ya waridi inayoelekea wekundu. Ngozi hiyo ikionekana, mjadala umekwisha.

*Ukubwa.* Tarumbeta ana sentimita 58 hadi 65, mwenye ushungi kama 50 hivi. Tofauti ni kubwa wakiwa pamoja, lakini ndege mmoja peke yake juu ya mti mkubwa hakupi kipimo, kwa hiyo ukubwa uwe wa mwisho. Mwenye ushungi, kwa bahati nzuri, hujitambulisha kwa njia nyingine: mgongo wa kahawia iliyoiva, mdomo mwekundu wenye mstari wa njano kwenye shina, jicho la njano, na namna yake ya kuruka ya kupanda na kushuka. Wale wawili wakubwa huruka kwa kunyooka.

Pembe ile ya dume, watu huuliza, haimlemei? Ndani ni tupu kwa sehemu kubwa, ganda jembamba lenye uwazi. Na shingoni, mifupa miwili ya kwanza ya uti wa mgongo imeungana kuwa mmoja, ili kichwa chenye mdomo mrefu namna hiyo kipate mhimili.

Hatua ya sita: kutazama

Kumtaja jina ni dakika mbili. Kinachobaki ndicho kinachonirudisha msituni, na ningependa usikiharakishe.

Tazama anavyokula. Ulimi wake ni mfupi, haufiki kwenye ncha ya mdomo, kwa hiyo anachuma kuyu kwa ncha za mdomo, kwa uangalifu mkubwa, kisha anarusha kichwa nyuma na kulitupia tunda kooni. Fuata ndege mmoja tu na uhesabu. Matunda mangapi kwa dakika moja? Anachagua yaliyoiva kwa rangi, au anayabonyeza na kuyaacha mengine? Anahamia tawi jingine kwa kuruka au kwa kurukaruka? Ukihesabu, jicho linatulia, na mambo madogo yanaanza kujitokeza.

Angalia nani anamwondoa nani. Kima akifika, hondohondo wanahama upande mwingine wa kilele au wanabaki? Dume akiwa na tunda, analimeza au anampa jike kwa mdomo? Hawa huishi kwa jozi, na jozi hiyo utaitambua hata ndani ya kundi la ishirini: wawili wanaotua pamoja, wanaoondoka pamoja, mmoja akifuata ndani ya sekunde chache.

Halafu subiri anapomaliza. Atakaa kimya kwenye tawi la ndani, na baada ya muda utaona shingo ikivuta na mbegu moja kubwa ikirudi mdomoni na kudondoshwa. Mbegu ndogo kama za makuyu hupita tumboni na kutoka na kinyesi. Hivyo ndivyo mti unavyosafiri. Ndege mwenye mabawa haya huvuka bonde zima katika safari moja, na mti wenye mbegu kubwa hauna wasafirishaji wengi wa kiwango hicho. Mahali ambapo hondohondo wameondolewa, miti hiyo hupoteza msafirishaji ambaye ni vigumu kumpata mbadala.

Kiota: soma hapa kabla ya kukitafuta

Jike hutaga ndani ya tundu la mti mkubwa, na mlango wa tundu huzibwa kwa udongo mpaka ubaki upenyo mwembamba. Dume humeza udongo, huutengeneza vidonge kooni kwa mate na kuuleta, na jike aliye ndani ndiye hukandika. Kisha anabaki humo, akitaga, akiatamia na kulea, kwa takriban miezi minne. Katika muda wote huo chakula chake na cha kinda kinatoka kwa dume. Dume huja na koo limejaa, anashikilia gome la mti, anarudisha tunda moja moja mdomoni na kuliingiza kwenye upenyo. Makadirio yaliyochapishwa kwa spishi hii ni matunda 24,000 katika safari 1,600 kwa kiota kimoja. Mengi ya tunayoyafahamu kuhusu uzazi wake yalianzia Amani, ambako Reginald Moreau na mkewe Winifred walifuatilia viota vya hondohondo miaka ya 1930 na kuandika walichokiona.

Sasa fikiri maana ya mtu mmoja kusimama chini ya mti huo. Dume akikuona, hatui. Anakaa mti wa mbali, koo limejaa, akisubiri uondoke. Saa moja ya udadisi wako ni saa moja ya njaa ndani ya tundu, na jike hawezi kutoka kwenda kujitafutia.

Kwa hiyo usitafute kiota kwa kufuata miti yenye matundu. Dalili zitakuja zenyewe: dume mmoja asiye na jike, anayeondoka mkuyuni akiwa amejaza koo na kuelekea upande uleule kila mara. Andika upande huo. Kama kwa bahati umekiona kiota, rudi nyuma mita mia moja au zaidi, jifiche nyuma ya majani, tazama ujio mmoja au miwili kisha ondoka. Dume akisita zaidi ya dakika chache, uko karibu mno. Usigonge mti, usifyeke majani ili upate picha safi, usirushe droni. Na usichapishe mahali kilipo, hata ukiwa na furaha kiasi gani. Tundu linalofaa kwa ndege mkubwa hivi huhitaji mti mzee sana, na mti huo ukijulikana kwa watu wengi haubaki salama. Mwambie mwongozaji na askari wa hifadhi, basi.

Hatua ya saba: kuandika

Andika papo hapo, kabla ya kufungua simu kutafuta picha. Picha za mtandaoni zina uwezo wa kukufanya ukumbuke kitu ambacho hukukiona. Maelezo mafupi yanatosha, ilimradi yatenganishe ulichokiona na ulichokidhania. Mfano:

*Saa 1:10 asubuhi. Ukungu mwepesi, jua nyuma yangu. Mkuyu ukingoni mwa chai, mita 50. Wawili. Ukingo wa nyuma wa bawa mweusi, nimeuona wakati wa kutua na wa kuondoka. Kiuno cheupe. Mmoja ana pembe kubwa ya krimu, wa pili pembe ndogo. Mkoromo, si kilio. Wamekula dakika 22, wameelekea bondeni.*

Hapo hakuna nafasi ya ubishi. Linganisha na "hondohondo wakubwa wawili, weusi na weupe", maneno ambayo yangeweza kuwa ya spishi tatu.

Ukipiga picha, ongeza mwanga hatua moja au zaidi kwenye kamera wakati ndege yuko mbele ya anga, la sivyo utapata kivuli tu. Picha ya ndege anayeondoka akiwa amekunjua mabawa, hata ikiwa na ukungu, ina faida kwa utambuzi kuliko picha safi ya uso.

Kisha peleka kumbukumbu yako inakohitajika. eBird, mtandao wa kumbukumbu za ndege, hupokea orodha kutoka popote duniani; Tanzania kuna Tanzania Bird Atlas, na Kenya kuna Kenya Bird Map. Weka tarehe, mahali, muda uliokaa na idadi. Orodha ya siku ambayo hukumwona nayo ipeleke, kwa sababu kutokuwepo kwa ndege mahali palipotazamwa vizuri ni taarifa pia. Na pale ambapo ukingo wa bawa haukuonekana wala sauti haikusikika, andika "hondohondo, spishi haikutambuliwa", kisha urudi kwenye mkuyu uleule kesho yake kabla matunda hayajaisha.